Viola Iliyowahi

Alhamisi, 1 Oktoba 1998

Ermete,

Leo wamekuja kuchukua karatasi zako. Vijana wanne, kila mmoja na sanduku la kinanda chake mgongoni kama kobe. Lifti imekataa kuwabeba wote. Wakapanda kwa zamu — fidla mbili kwanza, kisha selo na mwenyewe, maana selo nayo ni mtu mzima. Wa mwisho alikuwa Delia, msichana wa viola, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito. Huyo kapanda ghorofa zote tano kwa miguu, na hakuhema.

Watapiga muziki wako wa sinema tarehe kumi na saba, Jumamosi, katika ukumbi wa lile kanisa dogo nyuma ya soko. Watu wanne tu! Wewe uliyeandikia matarumbeta, ngoma na kwaya ya wanawake ishirini, sasa umebaki na nyuzi kumi na sita. Mpango ni wa Profesa Quaranta wa chuo cha muziki. Anasema anataka watu waisikie mifupa ya muziki, bila nyama. Nikamwambia mifupa ndiyo inayotoa supu. Akacheka, akaandika kwenye kijitabu chake.

Nimewapa kahawa. Bado natia maji ya vikombe vitatu, viwili vyako na kimoja changu. Tangu tulipokuzika Februari, viwili navimwaga. Leo havikumwagwa. Nashukuru.

Jumapili, 4 Oktoba

Ornella kapiga simu kutoka Torino. Mama usikae na makaratasi, vumbi litakuua. Mama, vile viatu vya baba vya nyumbani mpe mtu. Nikamwambia viatu vya baba yako bado viko kazini. Kazi gani, mama? Vinakaa mlangoni.

Kaniachia viatu. Binti yetu ni mwema. Kisha kasema atakuja Alhamisi ya wiki ya onyesho.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimekwenda kuwasikiliza wakifanya mazoezi. Wameniwekea kiti chenye mto. Nilijiona kama askofu.

Mpiga fidla wa kwanza anaitwa Tiziano. Ana nywele nyingi na anafumba macho. Kaniuliza zile namba nyekundu juu ya noti ni za nini. Ni sekunde, nikamwambia. Maestro, ndivyo wanavyokuita, alitazama filamu na saa ya kupimia mkononi, akaandika: hapa farasi anaanguka, hapa mlango unafunguliwa. Noti zilipaswa kufika kabla ya farasi. Sikumwambia kwamba kwa saa ileile ulipima tambi jikoni, na zikizidi nusu dakika ulizitazama kama watu waliokutukana.

Wakapiga kipande cha lango la reli. Kile ambacho mpaka muuza samaki hukipiga mluzi. Kwenye filamu ni dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Mwanamke analinda lango la reli, mumewe amekwenda kaskazini kutafuta kazi. Kila treni ikija, anashusha mti wa lango na kutazama madirisha. Treni ya mwisho inapita. Mume hayumo. Mwanamke anasimama. Na hapo, bado amesimama, viola inaingia peke yake kwa noti moja ndefu, kama kuna mtu amemwita kwa nyuma. Ndipo vinanda vingine vinaingia chini yake. Anageuka, anaingia ndani, anafunga mlango.

Tiziano alikivuta kile kipande kama mpira. Delia kamwambia, "Kwa mwendo huo, kaka, treni itafika kesho."

"Treni haipo," Tiziano kasema. "Hakuna treni, hakuna lango, hakuna mke wa mtu. Ni sisi wanne tu."

Kweli. Sasa hakuna wa kumfukuzia. Ulikimbizana na picha miaka thelathini, na leo picha zimeondoka, muziki umebaki unatembea kwa miguu yake wenyewe. Nilifurahi. Ningependa uone.

Alhamisi, 8 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Delia kaja peke yake saa kumi, ana bahasha. Kakataa kahawa. Mtu anayekataa kahawa nyumbani kwangu ana jambo.

"Mama Nives, naomba usikasirike."

"Sijaanza bado."

Katandika karatasi mbili mezani. Moja ni andiko lako, lenye vinanda vyote pamoja. Ya pili ni karatasi ya viola, ile iliyowekwa mbele ya mpigaji studio mwaka sitini na tatu. Mwandiko wangu. Miaka ile nilikuwa bado msichana wa ofisi ya wanakili, watu kumi na mmoja chumba kimoja, tunanakili noti za kila kinanda kutoka andiko la mtunzi, kipimo kwa kipimo, yaani kila fungu la mapigo kati ya mstari na mstari, wino mpaka kwenye viwiko. Hatukuwa tumejuana, mimi na wewe.

Delia kasema, "Nimehesabu mara tatu. Andiko la maestro lina vipimo sitini na vitano. Karatasi ya viola ina sitini na vinne."

Nikasema labda ulipunguza baadaye.

"Fidla zote zina sitini na vitano, mama. Selo sitini na vitano. Viola peke yake."

Nikavaa miwani. Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa penseli: 64. Na herufi N. Msimamizi wetu, Alvaro, alikuwa na sheria moja. Ukimaliza, hesabu vipimo, andika jumla chini, tia herufi yako. Asiyehesabu hana kazi hapa. Nilihesabu. Ila nilihesabu karatasi yangu, sikuilinganisha na yako.

Nikaona na pale penyewe. Baada ya treni kupita umeandika kimya kwa viola, vipimo vitatu. Viwili viko mwisho wa ukurasa, cha tatu kiko juu ya ukurasa unaofuata. Kimya kinafanana na kimya. Nilifunua ukurasa, jicho likadhani limekwishapita pale. Kila mnakili analijua kosa hilo. Tulikuwa tukichekana kwalo.

Kwa hiyo wewe hukuandika viola iingie peke yake. Uliandika wote wanyamaze, kisha wote waingie pamoja. Ile noti inayopendwa na watu — ile iliyokupatia tuzo! — ni mimi niliyeruka kipimo.

Delia kanishika mkono. "Mama, ni kosa zuri."

Nimejaribu kuikumbuka asubuhi ile. Sikumbuki chochote. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Ijumaa, 9 Oktoba

Maharage yameungua. Nimekaa na sufuria.

Siku tatu baada ya kurekodi ulikuja ofisini kwetu, koti la kijivu, karatasi imekunjwa mfukoni. Ukauliza, N ni nani? Alvaro kaninyooshea kidole, na wenzangu wote wakainamisha vichwa kama kuku wameona mwewe. Ukanitazama. Ukasema, "Mwandiko wako unasomeka vizuri." Ukaniuliza kama nakunywa kahawa.

Hadithi hii nimewasimulia wageni miaka thelathini na minne. Na kila nilipoisimulia ulikuwa umekaa palepale, unamenya chungwa, unatabasamu, husemi neno. Nilidhani unaona haya.

Ulikuwa unajua, Ermete! Kila Krismasi ulikuwa unajua!

Jumatatu, 12 Oktoba

Delia kamleta mwalimu wake, mzee Elvezio. Ndiye aliyepiga viola siku ile studio. Ana miaka sabini na sita, mikono inatetemeka sasa, ila mdomo ni mzima kabisa. Kaleta biskuti za mvinyo. Kala nyingi kuliko mimi.

Nilimwomba radhi kabla hajakaa.

"Radhi ya nini, bibi? Mkate niliokula tangu sitini na tatu ulitoka kwenye kalamu yako. Popote nilipokwenda, walisema, huyu ndiye viola ya lango la reli. Hata mke wangu nilimpata hivyo. Huyo ndiye ungemwomba radhi."

Nikamwambia anisimulie, asiongeze chumvi.

Kasema: Filamu ilikuwa ya kimaskini, wapigaji wanane tu, viola yeye peke yake. Hapakuwa na muda wa mazoezi. Karatasi zikawekwa, picha ikawashwa ukutani, wakapiga. Treni ikapita. Kahesabu vipimo vyake viwili vya kimya kama vilivyoandikwa, kaingia. Kaingia — yuko peke yake! "Bibi, ni kama kuingia kanisani ukakuta hujavaa suruali." Angeacha, wangesimama wote. Hakuacha. Kaishika noti ileile, hakuiachia, mpaka wenzake walipomfikia, kisha wakaenda pamoja hadi mwisho.

"Na Ermete?"

"Kashusha mikono. Kanifuata. Nani kakwambia uingie hapo? Nikamwonyesha karatasi. Kaisoma. Katazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi, na saa saba kamili wapigaji tulikuwa tunaondoka kwenda kula, hata aje Papa. Vipande viwili vilikuwa bado. Katoa penseli, kaandika hapa juu ya noti: shikilia. Kasema, tunaendelea."

Penseli ipo. Nimeiona. Mwandiko wako wa haraka, ule wa orodha ya sokoni.

"Alifurahi?"

"Alikuwa na rangi ya mboga iliyochemshwa."

Nikacheka, Ermete. Mara ya kwanza tangu Februari nacheka mpaka nashika ubavu. Kisha nikamuuliza lile lililonikaa kooni. Je, aliipenda ile noti? Au ilikuwa saa tu? Au alimhurumia mnakili asifukuzwe?

Mzee kajipangusa makombo. "Baadaye walituchezea tulichorekodi. Kakisikiliza kipande kile mara tatu. Mara ya tatu kageukia ukuta."

"Alilia?"

"Sijui, bibi. Alikuwa amegeukia ukuta."

Jumatano, 14 Oktoba

Leo nimeombwa niamue.

Profesa Quaranta keshapata habari. Karatasi za kutangaza onyesho zinasema "kutoka maandiko ya mtunzi mwenyewe", na yeye ni mtu wa neno lake. Kasema andiko la mtunzi ni wasia. Maestro alikuwa na miaka thelathini na mitano ya kulibadilisha, hakulibadilisha.

Mzee Elvezio karuka kitini. "Wasia gani! Mwenyewe kaandika shikilia!"

"Kwa sababu ya saa, mzee wangu. Wewe mwenyewe umesema."

"Na wewe ulioa kwa sababu gani? Si kwa sababu miaka ilikuwa inakwenda? Mkeo tumrudishe?"

Tiziano kafumba macho, safari hii kwa kicheko. Profesa kawa mwekundu, lakini naye kacheka. Watu wazuri wote hawa. Wanagombana kwa ajili yako kama ndugu wanaogombea kukaa na mama.

Nikasema wapige mara mbili, nisikie.

Kwanza wakapiga yangu. Naijua kama ngazi za nyumba yetu. Delia kaingia peke yake, kashika ile noti, na yule mwanamke wa lango nikamwona amesimama, kama kaambiwa: ngoja kidogo, labda.

Kisha wakapiga yako.

Treni ikapita. Kimya. Bado kimya. Nikataka kuinuka kitini. Ndipo wote wanne kwa pamoja, sauti ndogo, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kuamsha waliolala. Hakuna aliyeitwa. Hakuna labda. Yule mwanamke anaingia ndani kwa sababu jioni imefika na kuna kazi jikoni.

Sikuwahi kukisikia kile kipande, Ermete. Miaka yote hii noti yangu ilikuwa imesimama mbele yake. Ulikuwa kijana wa miaka thelathini na mmoja. Ulijuaje? Mimi nimekuja kukijua kimya hicho Februari hii, jikoni.

Wote wakanitazama. Mama, useme wewe.

Nikasema, pigeni yake. Amenipisha miaka thelathini na mitano. Jumamosi nimpishe mimi.

Mzee Elvezio kainuka. Kaniinamia, kachukua kofia yake. Delia kaandika kwenye karatasi yake, 65.

Alhamisi, 15 Oktoba

Ornella kafika. Nilimweleza yote tukikaanga mbogamboga. Kaacha mwiko, kacheka mpaka machozi. "Kwa hiyo mimi nimezaliwa kwa sababu ya kipimo kimoja cha kimya?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Ndiyo, mwanangu. Inaelekea ni hivyo.

Kisha kaniuliza polepole, "Mama, unaogopa kwamba baba alikuja ofisini kukugombeza?"

Huyu mtoto ana macho yako.

Nikamwambia ndiyo. Naogopa alikuja na karatasi mfukoni akiwa na hasira, kisha akaona msichana anatetemeka, akasema la kwanza lililomjia. Huruma. Na huruma ikaendelea miaka thelathini na minne.

"Mama! Baba? Aliyekuwa akirudisha kahawa mara mbili kwa mwenye duka? Huruma ya siku moja angeweza. Ya wiki, hapana."

Leo nitalala vizuri. Nakushukuru kwa binti huyu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Profesa kapiga simu. Anataka kabla ya kile kipande awaeleze watu habari ya kosa. Nimekataa; jioni ni yako, si ya kosa langu. Kasema basi, bibi, tutanyamaza. Nimepiga pasi gauni la bluu.

Jumamosi, 17 Oktoba

Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, nitaibandika kwenye daftari. Ni mapumziko. Ornella kaenda kuninunulia maji.

Ukumbi umejaa! Wamechukua hata viti vya chumba cha padri. Muuza samaki yuko, kavaa tai. Mwenye duka la kahawa yuko, yule uliyemsumbua, kaja na mama yake. Mzee Elvezio yuko mstari wa mbele na kofia magotini. Mstari wa tatu kuna bwana anayeandika magazetini, Profesa kanionyesha.

Sehemu ya kwanza imekwenda vizuri mno. Ile ya majambazi, ambayo uliandikia matarumbeta sita, wameipiga kwa kudonoa nyuzi kwa vidole, na watu wamecheka palepale ulipotaka wacheke. Hakuna picha, hakuna jambazi hata mmoja, na wamecheka. Nimepigiwa makofi mimi, kama niliandika! Nikasimama, nikainama, nikakaa. Niliona haya kwa niaba yako.

Lakini sasa hivi, Ermete. Mbele yangu kuna wanawake wawili, dada na dada nadhani. Mmoja anamwambia mwenziwe, "Ngoja tu kile cha lango la reli. Pale viola inapoingia peke yake, utaona, nitalia." Na kaimba kidogo. Ile noti. Mwenziwe kaimba naye.

Wote humu wanaingojea! Treni itapita, watangoja viola, na viola itanyamaza. Hawatasema, huyo ndiye Ermete mwenyewe. Watasema mtoto kasahau. Delia, mbele ya bwana wa magazeti, kwenye onyesho lake la kwanza kubwa. Kapiga sawasawa, na ataonekana kakosea. Na mimi niliyekosea nimevaa gauni la bluu, napigiwa makofi.

Nilijifikiria mimi na wewe tu. Sikumfikiria yeye.

Nimeinuka nikaenda mlango wa nyuma ya jukwaa. Mtu wa mlango kanizuia, kwa heshima. Wameshajipanga, bibi yangu, rudi ukae, utawakosa. Nikamwambia nina neno moja tu kwa msichana wa viola. Mwambie baadaye, kasema, baadaye ndiyo utamu.

Wameingia. Taa za ukumbi wameziacha kidogo, naona kuandika.

Kipande cha kwanza kimekwisha. Makofi. Kinachofuata ndicho chetu.

Delia hajainua upinde. Wenzake wameinua, yeye hajainua. Ananitazama. Ameinua nyusi, kidogo tu, kama mtu anayeuliza mlangoni: niingie? Hata sasa bado anauliza. Mzee Elvezio kageuka, naye ananitazama. Ornella kanishika kiwiko.

Nimeitikia kwa kichwa. Ndiyo, Delia. Ndiyo ya ipi, yangu au yako, sikuweza kumwambia kutoka hapa, na nadhani sikutaka. Katabasamu. Kaweka upinde juu ya nyuzi.

Wameanza. Ni wazuri, Ermete, wazuri kweli. Tiziano kafumbua macho. Nasikia magurudumu kwenye selo.

Chochote ulichokuja nacho mfukoni siku ile, hasira, huruma, au njaa ya kahawa, nashukuru ulikuja.

Treni imeshapita. Kimya. Unikumbuke.